James Hannington: Askofu Mchoraji na Njia ya Mumias

Utangulizi

Msafiri atokaye Kakamega kuelekea Mumias hupita soko la Ekero kabla ya kuingia mjini. Leo ni njia ya matatu, pikipiki na malori ya miwa. Katika karne ya kumi na tisa eneo hili lilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kufuata pembe za ndovu. Wafanyabiashara Waswahili walikiita kituo hicho Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu wa Wanga. Shiundu alipofariki, mwanawe Mumia akashika utawala, na jina la mji likabadilika taratibu kumfuata mtawala mpya. Hivyo majina yote mawili ya mji huu yamepita katika kinywa cha Kiswahili cha misafara, lugha ambayo ilifika Magharibi mwa Kenya kabla ya serikali ya kikoloni.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefika Kwa Sundu mwezi Oktoba 1885, akaondoka, na hakurudi tena akiwa hai. James Hannington anafahamika katika Afrika ya Mashariki kama askofu aliyeuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Upande wake mwingine haujazungumziwa sana: alikuwa mchoraji wa kalamu na wino, na michoro yake ya bara hili iliwafikia wasomaji wengi wa Uingereza kwa njia ya kurasa zilizopigwa chapa. Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha hayo yanazua swali ambalo lingali hai. Ni nini kinachoufanya mchoro utoke mkononi mwa mchoraji na kufika mbele ya macho ya umma, na ni nani anayeachwa nje ya mlango huo?

Malezi

Hannington alizaliwa Septemba 3, 1847, katika kijiji cha Hurstpierpoint, jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Jamaa zake walikuwa watu wa biashara, na duka lao mjini Brighton lilikuwa na sifa kubwa. Tangu utotoni alikuwa mtundu asiyetulia. Katika mchezo wa baruti alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto, na wenzake shuleni wakambandika jina la utani lililomtaja kuwa mwendawazimu. Mkono wa kulia ulisalia mzima, na mkono huo ndio uliokuja kushika kalamu.

Aliacha shule akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, akaingizwa katika ofisi ya biashara ya baba yake. Hesabu za duka hazikumvutia. Alichopenda ni bahari, safari, mimea na wadudu. Mwaka 1868 aliachana na biashara, akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kwa nia ya kuwa kasisi. Alipewa daraja la ushemasi mwaka 1874, akahudumu kwanza Devon, katika parokia ndogo iliyo juu ya majabali ya bahari, ambako alitumia muda mwingi kuyapenya mapango ya ufuoni. Mwaka uliofuata alirudi Hurstpierpoint kuhudumu katika kanisa la kijijini kwao, na mwaka 1877 akamwoa Blanche Hankin-Turvin.

Habari zilizoyageuza maisha yake zilitoka Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa 1877 wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe. Hannington alizipokea habari hizo kama mwito, na baada ya muda akajitolea kwa Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichokuwa na vituo Mombasa, Rabai na Buganda.

Safari ya Kwanza na Barua Zenye Michoro

Mnamo Mei 17, 1882 aliondoka Uingereza akiwa kiongozi wa kundi dogo la wamisionari. Miongoni mwao walikuwamo mpwa wake Cyril Gordon, na Robert Ashe ambaye baadaye aliandika vitabu kuhusu Buganda. Walifika Unguja, wakavuka hadi bara, wakafuata njia ya kale ya misafara kupitia Mpwapwa na Uyui hadi pwani ya kusini ya ziwa. Safari hiyo karibu imuue. Homa na kuhara damu vilimdhoofisha kiasi kwamba sehemu ya njia alibebwa kwenye machela. Hatimaye wenzake waliona kwamba hawezi kuendelea hadi Buganda, naye akarudishwa pwani. Juni 1883 alikuwa tena Uingereza.

Hata hivyo, katika mwaka huo wa maradhi alifanya kazi iliyodumu kuliko safari yenyewe. Nyumbani alikuwa ameacha watoto wa ndugu zake ambao walimzoea kama mjomba mcheshi. Aliwaandikia barua ndefu kuhusu mito, hema, siafu, wapagazi na wanyama, akazipamba kwa michoro midogo ya kalamu na wino. Humo anajisawiri mara nyingi kama mtu wa kuchekwa, anayetumbukia majini na kukwama matatani mbele ya watu. Kisa chake kinachofahamika zaidi ni cha siku alipompiga risasi mnyama vichakani, kumbe ni mtoto wa simba. Mvulana aliyembebea bunduki alitoka mbio, na simba wawili wakubwa wakajitokeza. Hannington alirudi nyuma polepole akiwakabili kwa macho, kisha baadaye akarudi tena kumchukua yule mtoto wa simba.

Kwa jicho la mhakiki wa fasihi ya watoto, barua hizo zina sifa mbili za kuzingatiwa. Kwanza, msimulizi anajua hadhira yake kwa majina na umri, wala hawahubirii kwa sauti ya mimbari. Pili, mchoro si pambo la pembeni. Mara nyingi ndio unaobeba kichekesho, nayo maandishi yanauandalia njia. Barua hizo zilikusudiwa kusomwa mezani nyumbani. Ziligeuka kuwa kitabu kwa sababu mbili: soko la picha lililokuwapo wakati huo, na kifo cha mwandishi.

Kutoka Karatasini Hadi Ukurasani

Ili kuelewa soko hilo, ni lazima kuangalia jinsi mchoro wa safarini ulivyochapishwa wakati huo. Illustrated London News lilianzishwa mwaka 1842, na The Graphic likafuata mwaka 1869. Magazeti haya ya kila wiki yaliishi kwa picha, na yalihitaji picha za vita, misafara na nchi za mbali bila kukoma. Majarida ya vijana nayo yakaongezeka. The Boy's Own Paper lilianza mwaka 1879 chini ya Religious Tract Society, likachanganya hadithi za ushujaa, sayansi na safari. Vyama vya misheni vilikuwa na majarida yao yenye picha, kwa maana michango ya waumini iliongezeka walipoweza kuona mahali fedha zao zilipokwenda.

Mchoraji aliyekuwa bara la Afrika alianza kwa penseli au kalamu katika daftari. Karatasi hiyo ilipelekwa na matarishi kwa miguu hadi pwani, ikapanda meli Unguja na kupita Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869. Ilipofika London, mara nyingi haikuchapishwa kama ilivyokuwa. Mchoraji wa ofisini, ambaye hakuwahi kuiona nchi hiyo, aliunakili mchoro juu ya kibao cha mti mgumu. Kisha mchongaji alikata sehemu zote zilizotakiwa kubaki nyeupe, akiacha mistari ikisimama kupokea wino. Picha kubwa iliundwa kwa vibao kadhaa vilivyounganishwa, na kila kibao kikapewa mchongaji wake ili kazi iwahi siku ya gazeti. Katika hatua hizo sura ya mtu iliweza kubadilika, mlima ukarefushwa, na kichaka kikawa msitu wa kutisha.

Miaka ya 1880 ilileta mabadiliko. Mchoro wa mistari uliweza sasa kupigwa picha na kuhamishiwa kwenye bamba la zinki lililochomwa kwa tindikali, bila kupita mkono wa mchongaji. Njia hiyo iliwafaa watu wa kalamu na wino, kwa kuwa mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe ulihifadhiwa kama ulivyochorwa. Mtu asiye na mafunzo ya chuo cha sanaa, ambaye mstari wake ulikuwa na uchangamfu kuliko ufundi, alipata nafasi ambayo miaka ishirini kabla asingeipata. Hannington alikuwa mchoraji wa namna hiyo.

Kitabu Kilichomwonyesha Njia

Juni 24, 1884 Hannington aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Baada ya kupitia Palestina, alifika Mombasa Januari 1885. Alitembelea Taita na nchi ya Wachagga, ambako alikusanya mimea kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka huohuo aliwapa ushemasi Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler, ambao walikuwa miongoni mwa waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India kabla ya kurudi pwani ya Afrika ya Mashariki.

Mpango wake mkubwa ulikuwa kuifikia Buganda kwa njia mpya. Njia ya kusini aliyoipita mwaka 1882 ilikuwa ndefu na iliyojaa homa. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alikuwa amepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 akafika karibu na Ziwa Viktoria kwa upande wa kaskazini-mashariki. Taarifa zake zilienea haraka, na kitabu chake, chenye ramani na picha, kikatoka mwaka 1885. Kwa wasomaji wa London njia hiyo ilionekana fupi na yenye hewa nzuri. Thomson mwenyewe, hata hivyo, hakuendelea hadi Buganda. Aligeuka akiwa ng'ambo ya mashariki.

Hapa ndipo uzito wa chapa unapoonekana. Ramani iliweza kuonyesha mito na milima, lakini haikuonyesha hofu ya watu. Katika Buganda kulikuwa na imani kwamba wavamizi wa ufalme wangetokea mashariki, kupitia Busoga. Mwanga alikuwa ameshika ufalme Oktoba 1884, akiwa kijana. Mwaka 1885 habari za Wajerumani kujitwalia nchi karibu na pwani zilifika ikuluni kwake. Mzungu ambaye angetokea upande huo, akiongoza watu wengi, asingeonekana kuwa mgeni wa kawaida. Alexander Mackay na wenzake walioishi Buganda waliitambua hatari hiyo na kutuma maonyo, lakini barua hazikumfikia askofu kwa wakati.

Kwa Sundu

Julai 23, 1885 Hannington aliondoka Rabai na msafara wa watu zaidi ya 200, Jones akiwa pamoja naye. Walipita Ukambani, Ukikuyu na Naivasha, wakavuka nchi ya Wamaasai kwa mashaka ya njaa, kiu na madai ya hongo, wakafika Kwa Sundu mwezi Oktoba. Hapo palikuwa pahali pa kupumzika. Kulikuwa na chakula, mtawala aliyezoea wageni, na Kiswahili kilichoeleweka.

Hannington aliamua kugawa msafara. Oktoba 12 aliondoka na watu wapatao hamsini, akimwacha Jones na waliosalia wamngoje. Alitembea upesi kuelekea magharibi hadi Busoga, katika nchi ya Luba. Oktoba 21 alikamatwa, akafungiwa kibandani. Kwa siku nane aliishi humo akiwa na homa, huku watu wakija kumtazama. Katika shajara yake ndogo ya mfukoni aliandika kila siku, kwa herufi za kubana, hali yake na matumaini yaliyopanda na kushuka. Oktoba 29, 1885, amri ya Mwanga ilipowasili, alitolewa akauawa pamoja na watu wake wengi. Wachache waliosalimika walirudi Kwa Sundu wakamweleza Jones.

Jones aliendelea kungoja kwa majuma kadhaa, asije akaondoka na kumwacha askofu wake nyuma ikiwa habari zile hazikuwa kweli. Kisha akawaongoza watu waliobaki kurudi pwani kwa njia ileile ngumu. Februari 1886 msafara uliingia Rabai ukitanguliwa na kitambaa cha buluu chenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, neno la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Katika mkasa wote huu, kitambaa hicho ndicho maandishi ya hadharani yaliyotoka upande wa msafara wenyewe. Hakikuwa na mchapishaji, na hadhira yake ilikuwa watu wa Rabai waliotoka majumbani kutazama nani amerudi na nani hakurudi.

Michoro Baada ya Kifo

Habari za kifo zilifika Uingereza mwanzoni mwa 1886 na kuamsha simanzi kubwa. Mwaka huohuo Religious Tract Society, wachapishaji wa The Boy's Own Paper, walitoa kitabu cha barua za Hannington kwa watoto wa nyumbani, pamoja na michoro yake. Rafiki yake E. C. Dawson aliandika wasifu wake, ambao ulichapishwa tena na tena. Shajara ya mfukoni nayo iliokolewa, ikafika Uingereza, na mwaka 1888 Dawson akahariri shajara za mwisho za askofu, za Palestina na za njia ya Umaasai.

Hivyo michoro iliyokusudiwa kuwachekesha watoto wachache ikawa mali ya umma. Mvuto wake kwa msomaji ulikuwa umebadilika. Mtu aliyejichora akitumbukia mtoni alikuwa sasa shahidi wa imani, na kila kichekesho kilisomwa kwa machozi. Mistari ilikuwa ileile, lakini muktadha wa kuisoma uliipa maana nyingine. Ni mfano mzuri wa jambo ambalo nadharia ya upokezi husisitiza: maana ya kazi haifungwi na nia ya mtunzi.

Mumias iliendelea kuwamo katika kisa hiki. Mabaki ya Hannington yaliletwa yakazikwa huko. Mwaka 1892 Askofu Alfred Tucker alipopita akielekea Buganda, aliyafukua na kuyachukua, yakazikwa upya Namirembe Desemba 31 ya mwaka huo. Kwa sadfa, Tucker naye alikuwa mchoraji, tena mwenye ujuzi uliomzidi mtangulizi wake, na vitabu vyake kuhusu Afrika ya Mashariki vilitoka na michoro ya mkono wake mwenyewe. Maaskofu wawili wachoraji walikutana Mumias, mmoja akiwa mifupa, mwingine akiwa na karatasi mzigoni.

Hitimisho

Maisha ya Hannington yanaonyesha kwamba kipawa peke yake hakiufikishi mchoro ukurasani. Yeye alikuwa na jamaa walioweza kuhifadhi barua, chama chenye majarida, wachapishaji waliohitaji picha, ufundi mpya wa bamba, na rafiki aliyehariri kwa uaminifu. Wapagazi waliobeba sanduku lake la wino hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Walijua njia kuliko yeye, na wengi walikufa naye siku moja. Majina ya wengi wao hayakuingia katika kurasa zilizolifanya jina lake livume, na sura zao zimebaki kama alivyoziona yeye. Nabongo Mumia, ambaye nchi yake ndiyo ilikuwa mahali pa mwisho pa salama kwa msafara ule, aliishi hadi 1949, na muda mrefu wa maisha yake sura yake iliwafikia wasomaji wa mbali kwa kalamu na kamera za wageni.

Mlango huo ulifunguka polepole, na kwa sehemu kubwa ulifunguliwa na Kiswahili. Msimulizi lilianza kuchapishwa Unguja mwaka 1888, mwaka uleule shajara za mwisho za Hannington zilipotoka London. Mambo Leo lilifuata Tanganyika mwaka 1923, na Baraza nchini Kenya mwaka 1939. Katika magazeti ya Kiswahili wasomaji wa Afrika ya Mashariki walizoea kujiona wakisawiriwa na watu wa kwao. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, ni mtu wa hapa aliyechorwa na mkono wa hapa, naye hutumbukia katika matata yake mwenyewe.

Kichekesho cha mtu anayejichora akianguka kimekuwapo pande zote mbili. Tofauti iko katika nani anayeshika kalamu na nani anayemiliki ukurasa. Mtafiti chipukizi wa fasihi ya Kiswahili, hasa aliye karibu na Mumias, ana kazi mbele yake: kuisoma upya michoro ya wageni waliopita njia hii, kuisoma sambamba na masimulizi ya Wanga yanayoeleza safari zilezile kutoka upande wa wenyeji, na kuwatafuta ndani yake watu ambao hawakupewa majina.